Siku Riyama Alipovua Raba

Fuso lilikuwa lishaanza kutoka skuli nilipolishika kwa nyuma nikapanda, na wasichana wa timu wakacheka mpaka wakasahau wimbo wao.

"Babu yake Riyama huyo! Babu, na wewe unacheza senta?"

"Mimi nnacheza benchi," nikawaambia, nikajibana pembeni.

Siku ile ilikuwa niwe Pemba. Nilikuja Mtoni kwa binti yangu Faiza nikae siku mbili tu, kama kawaida yangu, kwani tangu nilipoacha skuli darasa la nne sijapata kukaa pahala pamoja mwezi ukaisha. Lakini Faiza alinizuia. Alikuwa na sare za watu kwenye cherehani, hawezi kwenda kumtazama mtoto wake. "Baba, nenda wewe," akasema. "Leo kuna mambo. Mtu wa kwetu lazima awepo."

Mambo yenyewe ni haya. Riyama ana miaka kumi na tatu. Skuli, kipindi cha michezo, anacheza mpira wa pete. Jioni anakwenda mjini kwenye klabu ya mpira wa kikapu. Mimi nilidhani ni mchezo mmoja: mpira, mikono, na duara la chuma juu. Kumbe ni vitu viwili visivyopatana. Kwenye kikapu ukidaka mpira unaudunda, unakimbia nao. Kwenye pete ukidaka mpira unasimama hapo hapo ulipo. Ukijisahau ukatembea, filimbi inalia, wanaita "hatua", na mpira wanapewa wapinzani.

Mwalimu wa michezo, Bi Tahiya, ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika Bububu bila ya simu. Kocha wa klabu, Mansour, ni fundi wa mafriji, mrefu, mtaratibu. Wawili hawa walikuwa hawajapata kuonana. Waligombana kwa kumtuma mtoto.

"Kamwambie huyo Mansour wako ananiharibia senta wangu," asubuhi.

"Kamwambie mwalimu wako mimi ndiye nnaetengeneza anachokiharibu yeye," jioni.

Riyama alikuwa akiyabeba maneno hayo mpaka siku moja akamwuliza mama yake kama anaweza kuyaandika kwenye karatasi, maana yalikuwa mengi.

Mwisho Bi Tahiya akachoka. Wiki ile alimwambia mbele ya wenzake: "Jumamosi ni fainali. Ukiniletea hatua za kikapu ukanipotezea mchezo, Jumatatu namwita mama yako, na klabu ndiyo basi." Na Faiza namjua. Mwalimu akishasema, yeye hana la kuongeza. Mtoto alilielewa hilo. Hakulia, lakini chakula cha usiku hakukimaliza, na kikapu ndicho kitu anachokiamkia.

Fainali ilichezwa mjini, kwenye kiwanja cha saruji, saa tano ya jua kali, na skuli moja ya mjini yenye watoto warefu. Mansour nilimkuta kwenye uzio wa waya, kaja kumtazama mtoto wake wa klabu, mfuko wa ubuyu mkononi. Bi Tahiya akafungua boksi mbele ya watu wote. Ndani mna raba mpya nyeupe, za timu nzima! Walimu walichangishana. "Miaka yote wanatucheka kuwa Mtoni hatuna viatu," akasema. "Leo watacheka nini?" Wasichana walizivaa wakawa wanajitazama miguu kama maharusi.

Refa, Bi Mwanamwema, akawakagua kucha, akapuliza filimbi.

Nilikuwa sijapata kumwona mjukuu wangu akicheza. Wallahi, mtoto ana macho kisogoni. Mpira unaruka, yeye yuko pale kabla haujafika. Lakini akishaudaka tu, miguu inaondoka nao. Filimbi. "Hatua!" Mara ya pili akaudunda kabisa, puu, puu, kama yuko klabu. Filimbi. Vijana wa mjini kwenye ngazi wakapata pa kuchezea.

"Mpeni nauli huyo, anakwenda Mwanakwerekwe!"

"Konda, mshushe! Kapita kituo!"

Mimi nikadhani raba zinampwaya. "Kaza kamba, mjukuu wangu!" nikapiga kelele. Akanitazama kwa huruma, hivyo anavyonitazama nikitaka kumfundisha simu. Mara ya nne Bi Tahiya akamtoa. Tulikuwa nyuma, kumi na moja kwa sita.

Akaja akakaa kwenye benchi, mimi niko nyuma yake. Mapumziko yakamkuta hapo. Akawa anazitazama raba zake tu. Kisha akainama, akaanza kufungua kamba.

"Riyama!" Bi Tahiya akaita.

"Naam, mwalimu."

"Unafanya nini?"

"Nnavua, mwalimu."

"Unavua? Mimi nimewavisheni leo mara ya kwanza, mbele ya wazazi, mbele ya watu wa mjini, wewe unavua? Unataka wanione nimeleta watoto wa kuokota?"

"Siyo hivyo, mwalimu." Akasimama, raba moja mkononi, mguu mmoja umevaa. "Mimi raba sivai ila klabu. Miguu ikishavaa raba kwenye saruji inajua iko kwenye kikapu, inakwenda yenyewe, siiwezi. Skuli siku zote tunacheza mchangani, miguu mitupu, na huko huwa sipigiwi hatua. Mwalimu mwenyewe unajua. Niache nivue, ijue iko skuli."

Bi Tahiya akamtazama miguu. Naona alikuwa anahesabu kichwani ni lini alimpigia hatua mchangani, na hakupata.

"Saruji hii saa sita utaungua," akasema, sauti imeshuka.

"Nitaungua mimi, mwalimu."

Mimi nimefanya kazi chini ya manahodha, makandarasi na wapishi wakuu, bandari hii na bandari ile. Sijapata kumwambia mkubwa wangu neno la kweli likanyooka namna ile, bila ya jeuri na bila ya kutetemeka. Ama nilinyamaza, ama nilitukana nikafukuzwa. Nikamtazama mtoto yule nikasema moyoni, huyu ni wa kwetu, na katuzidi.

"Haya, ingia," Bi Tahiya akasema. "Lakini ikilia filimbi moja tu ya hatua, Jumatatu iko pale pale."

Akaingia miguu mitupu. Kwenye ngazi wakapiga vigelegele vya dhihaka. "Mtoni wamerudi kwao! Viatu wameviuza!" Mpira wa kwanza ukamjia kwa juu. Akaruka, akaudaka, akatua. Mguu ukakaa pale pale kama umepigwa msumari. Akautoa kwa mwenzake kabla mtu hajamfikia. Bi Mwanamwema alikuwa na filimbi mdomoni tayari, akaitoa.

Wa pili hivyo hivyo. Wa kumi hivyo hivyo. Na kile cha klabu hakikupotea: kuona mbali, kupasi bila ya kutazama, kumhadaa mtu kwa bega. Hivyo vyote alikuwa navyo, ila miguu sasa ilikuwa ya skuli. Kumi na tatu kwa kumi. Kumi na sita kwa kumi na tano. Mpira ukienda upande wa pili alisimama juu ya ukingo wa miguu, mara huu mara huu, uso umemkunjana. Bi Tahiya akamwashiria atoke. Akatikisa kichwa. Wale vijana wa kwenye ngazi wakaacha kucheka, mmoja akaanza kumwita "Senta! Senta!" na wenzake wakamfuata.

Tulifungwa kumi na tisa kwa kumi na nane. Filimbi ya hatua kwa Riyama haikulia tena hata mara moja.

Alikaa chini kivulini, nikamwinua miguu. Nyayo zilikuwa nyekundu, malengelenge mawili kama maembe dodo machanga. Bi Tahiya akaja upande huu, Mansour akazunguka waya akaja upande ule. Wakainama pamoja.

"Kesho huyu hachezi kikapu," Bi Tahiya akasema.

"Kwa miguu hii? Hata kesho kutwa," Mansour akajibu.

"Wewe ndiye Mansour?"

"Mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Nipe huo ubuyu, nimekaukwa."

Wakakaa pale nusu saa wakibishana uso kwa uso, na mtoto hakutumwa maneno tena.

Jumatatu Faiza hakuitwa. Malengelenge yalipona baada ya siku tisa. Riyama alicheza pete skuli na kikapu klabu kwa mwaka mmoja na nusu, akaacha pete alipoingia kidato cha pili, kwa hiari yake. Sasa ni nahodha wa wasichana wa klabu. Bi Tahiya amehamishiwa skuli moja Kizimkazi, na timu yake inacheza miguu mitupu. Mansour anatengeneza mafriji ya hoteli, anafundisha jioni mbili badala ya nne. Faiza anashona. Mimi nilikwenda Pemba wiki iliyofuata, nikakaa siku kumi na mbili, kisha nikaenda Tanga.