Mkwe Aliyenasa Gofuni

Fundi wa mafriji alikuwa ameipangia Jumapili yake kazi moja tu: kulala. Wiki nzima alishinda amepiga magoti nyuma ya mafriji ya bucha na maduka ya soda, na mgongo ulikuwa umegoma. Lakini mama mkwe alikuwa amekuja kuwatembelea, na alitaka kuona magofu ya mji wa kale. Mkewe ndiye aliyekuwa ampeleke. Asubuhi akaamka mafua yamembana, sauti imekauka.

"Utampeleka wewe," akamnong'oneza mumewe.

"Mimi na mama? Wawili tu? Tutaongea nini?"

"Hayo mawe yatawapa la kuongea."

Tangu aoe, maongezi yake na mkwe wake yalikuwa shikamoo, marahaba, na habari za safari. Baada ya hapo maneno humwishia, akajitia kukagua friji ya nyumbani isiyo na tatizo lolote.

Mama alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, mwenye miguu isiyojua kuchoka. Walipoingia getini alitangulia na mwavuli wake, mkwe akimfuata kwa mbali kama mtu anayepelekwa polisi. Kila kibao mama alikisoma kwa sauti.

"Baba, hiki kilikuwa chumba cha kulala."

"Ndiyo, mama."

"Na hapa jikoni."

"Sawa, mama."

Kwake yeye zote zilikuwa kuta zisizo na paa. Macho yake yalitafuta kivuli cha kujilaza.

Wakafika kwenye ukuta mnene wenye mlango mwembamba ajabu. Kibao kilieleza kwamba ulijengwa hivyo makusudi, ili adui wapite mmoja mmoja, tena kiubavu. Mama akapita, suu, kama uzi kwenye sindano. Mkwe akaona aibu kuzunguka. Akaingiza bega, akaingiza kifua, tumbo likakataa. Alipojaribu kurudi nyuma, mkanda ukanasa kwenye jiwe.

"Mama," aliita kwa sauti ya chini. "Nimenasa."

Mama aligeuka, akamtazama juu hadi chini, kisha akaweka mwavuli chini na kukunja mikono ya gauni.

"Tulia. Ukijitutumua ndivyo unavyovimba. Vuta pumzi... itoe yote... bado, usisukume!"

"Mama, watu wanatuangalia."

Kweli, nyuma yake familia nzima ya wageni ilikuwa imesimama ikingoja kupita.

"Waache waangalie. Kichwa kikishatoka, mimi huwa sishindwi. Legeza hilo bega. Haya, sasa sukuma!"

"Sukuma!" wageni wakaitikia.

Mama akamkamata mkono, akavuta. Kifungo cha shati kikaruka, mkanda ukaachia, fundi akachomoka na kuanguka kifudifudi upande wa pili, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu.

Mama akawageukia wageni. "Mtoto wa kiume! Kilo tisini!"

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Badala yake kicheko kikampanda kutoka tumboni, akacheka palepale chini mpaka machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Mama naye akaegemea ukuta, mbavu hana.

"Kosa si langu, mama. Ni mapishi ya binti yako."

"Nilimfundisha kupika, sikumfundisha kukujaza!"

Wakaketi kwenye baraza la mawe. Mama akamsimulia jinsi huyo binti alivyozaliwa kwa kutanguliza miguu, na tangu siku hiyo hajawahi kufanya jambo kama watu wengine. Fundi akamsimulia friji iliyompiga shoti mpaka akampa shikamoo mteja aliyekuwa mtoto mdogo. Kisha akatazama zile kuta, akauliza, "Hivi hawa watu maji walichota wapi?"

Wakaenda kukitafuta kisima. Baada ya kisima akataka kuona msikiti wa zamani, baada ya msikiti mnara. Sasa vibao alisoma yeye. Mlinzi alipopiga filimbi ya kufunga, fundi ndiye aliyembembeleza awaongezee muda kidogo.

Giza lilikuwa limeshaingia walipofika nyumbani. Mke akafungua mlango, akamwona mumewe: vumbi tupu, shati wazi tumboni.

"Mama, umemfanya nini mume wangu?"

Mama akafungua mdomo kujibu, akamtazama mkwe wake, na wote wawili wakaangua kicheko upya pale mlangoni.