Injini Iliyosifiwa

Chumba cha kazi cha Mama Vifungo kilikuwa na cherehani moja, meza ya kukatia, na kamba ya kutundikia sare za shule. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipojiunga na kundi la simu la watu wanaotunga nyimbo majumbani kwao. Mle ndani kila mtu alikuwa na jina la utani, naye saa hiyo alikuwa na kopo la vifungo mapajani, basi likawa hilo.

Kundi lilikuwa na sharti moja: hutundiki wimbo wako mpaka kwanza utoe maoni juu ya nyimbo mbili za wenzako. Sharti zuri, ila binadamu ni binadamu. Watu waliandika "Moto sana, kaza buti" bila kusikiliza hata robo, kisha wakatundika za kwao. Mama Vifungo naye hakuwa malaika. Kidole chake kilishazoea neno "moto" hata kikawa kinaliandika chenyewe, macho yake yako kwenye pindo la sketi.

Safari hii, lakini, alitaka ukweli. Binti wa dada yake, aliyemlea tangu dada alipofariki, alikuwa anaolewa, na Mama Vifungo alikuwa amemtungia wimbo wa kumwimbia ukumbini. Binti alikubali shingo upande.

"Imba, mama mdogo," alisema huku akipimwa gauni. "Ila usinitie aibu mbele ya wakwe."

"Nikutie aibu, mimi? Simama wima, unaniharibia kiuno."

"Nasema tu."

Hilo "nasema tu" likamkaa kooni kama mwiba. Akajiapiza kwamba kundi likisema wimbo mbovu, haimbi. Atakaa na wageni wengine, apige makofi kama wao.

Akautundika. Sifa zikamiminika. "Moto!" "Umetisha, mama!" "Machozi yamenitoka." Kichwa kikamvimba. Akatoka hadi kwa kinyozi wa mlango wa pili akamsomea zote, moja moja, mteja wa watu kakaa na povu shavuni.

"Kumbe jirani yangu msanii!" kinyozi akasema. "Ukishakuwa mkubwa usije ukapita hapa bila salamu."

"Salamu utapata. Kuimbiwa bure ndiyo usahau."

Akarudi roho yake kwatu. Hakukaa sana, ukaingia ujumbe wa sauti wa Dereva, mmoja wa wanakundi.

"Ndugu zangu, mniwie radhi. Ule niliotundika wiki iliyopita si wimbo. Gari yangu inagonga, nikairekodi injini nimpelekee fundi aisikie. Nikabonyeza kubaya. Nyinyi mmepata injini, fundi kapata wimbo wangu."

Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, kila mtu akijifanya yeye hakuwemo.

Mama Vifungo alikuwemo. Alipandisha ujumbe juu hadi akaufikia. Chini ya ile injini sifa zilikuwa zimejipanga. "Mdundo mkali." "Kaka, hiyo ngoma umeitoa wapi?" Na katikati yao, maneno yake mwenyewe: "Mdundo umeniingia hadi kwenye mifupa." Akabonyeza asikilize, kwa mara ya kwanza. Kwa-kwa-kwa-kwa, mtu akakohoa, mlango wa gari ukabamizwa. Mwisho.

Uso ukamwaka ingawa alikuwa peke yake. Aibu ilipopoa kidogo, wasiwasi ukashika nafasi. Kama injini ilisifiwa hivi, wimbo wake je? Akampigia Dereva.

"Huyo fundi alisemaje alipoupata wimbo wako?"

"Usinikumbushe, mama. Aliusikiliza wote, akidhani kugonga kuko ndani. Akaniambia, 'Injini sijaisikia, ila huyo anayeimba analikimbia gitaa lake, na mwishoni anameza maneno.' Nilinuna siku nzima. Halafu nikasikiliza. Nameza kweli."

"Nipe namba yake."

"Mama, yule hana mdomo wa asali."

"Nimekuuliza mdomo? Namba."

Jibu la fundi gari lilimkuta akitia zipu kwenye gauni la bibi harusi. Nyuma ya sauti yake spana zilikuwa zinagongana.

"Mama, mimi si mtu wa muziki, nasema nilichosikia. Mwanzo unawaka vizuri kabisa. Kiitikio unakipandisha mno, sauti inakwaruza, kishushe. Sasa ule ubeti wa tatu, hapo ndipo panapogonga. Unaimba, 'Nilikuogesha, nilikulisha, nilikesha, nilikusomesha.' Namtafuta bibi harusi, simwoni. Ningekuwa yeye ningeinamisha kichwa kama mtu anayedaiwa. Ni hayo tu, mama."

"Anajua nini, mpaka grisi mkubwa!" Mama Vifungo akaiambia cherehani. Ubeti ule ndio aliouvujia jasho kuliko yote. Akashona kwa hasira, zipu ikaenda upande. Ikabidi aifumue, na huku anafumua akauimba ule ubeti, polepole, akiusikiliza kama alivyoisikiliza ile injini. Nili, nili, nili. Alipofika mwisho akaendelea kuchomoa nyuzi.

Ukumbini aliimba. Kiitikio alikishusha. Ubeti wa pili ulipokwisha, bibi harusi alikuwa ameshainamisha kichwa, vidole vimekunja pindo la gauni. Mpiga kinanda akaingia kwenye ubeti wa tatu kama walivyofanya mazoezi. Mama Vifungo hakutia neno. Aliifuata tuni kwa mdomo uliofungwa, mpaka mwisho wake. Binti akainua uso.

Baadaye, kwenye chumba cha nyuma, akawa anamlegezea gauni.

"Na ule ubeti mwingine, mama mdogo?"

"Upi?"

"Wa kuogeshwa. Ukuta wetu si unaujua? Nimeusikia mwezi mzima."

"Nimeukata."

Binti akashusha pumzi, zipu ikateremka yenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?" Mama Vifungo akauliza.

"Ningekuambiaje? Kweli uliniogesha."

Mama Vifungo akaguna, akamwambia ageuke amtoe pini za mgongoni.

Siku chache baadaye mgeni alitundika wimbo kundini. Mama Vifungo akasimamisha cherehani, akausikiliza hadi mwisho, akarudia. Akaandika: "Mwanzo mzuri. Katikati unapiga kelele. Ubeti wa mwisho sikuelewa unamwambia nani." Jibu halikuchelewa: "Bibi, kama huna la kusema, lala."

Akacheka peke yake, akainamia sare zake. Chini ya hapo Dereva alikuwa analalamika kwamba gari bado inagonga. Katika vurugu zote zile, hakuna aliyekumbuka kumpelekea fundi ile sauti ya injini. Mama Vifungo mwenyewe akaitafuta, akamtumia.

"Hii sasa ndiyo injini," fundi akajibu. "Mwambie ailete haraka."