Kipimo cha Sabuni ya Miza

Wanasema hasidi hana sababu. Uongo mtupu. Mwaija binti Mwinyimvua sababu alikuwa nazo tele, na zote zilikuwa na jina moja: Miza, wifi yake.

Miaka ile bendera ya Wadachi ilikuwa bado haijapanda Bagamoyo, na hakuna bibi harusi wa nyumba kubwa aliyetolewa mbele ya watu bila kunukia mkono wa Mwaija. Udi aliupika mwenyewe kwa sukari na mawardi. Liwa, ule mti wa kunukia, aliisaga mwenyewe juu ya jiwe la marehemu mama yake. Mume hakudumu naye, mtoto hakujaliwa, lakini jina alikuwa nalo, na jina hilo ndilo lililomwamsha asubuhi.

Kisha Ausi, ndugu yake wa tumbo moja, akaenda Unguja akarudi na mke. Na mke akaja na chungu chake cha sabuni, akakiteleka kwenye ua uleule alioishi Mwaija. Mafuta ya nazi, maji ya majivu, koroga weee, tia liwa na mawardi, mimina kwenye vifuu igande. Basi! Mji mzima ukashikwa na wazimu.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," Mwaija akasema, akangoja watu wamchoke Miza. Watu hawakumchoka.

Siku moja mwezi wa Shaabani Bi Khairat, mke wa Muhanna mfanyabiashara wa pembe za ndovu, akaja mwenyewe hadi uani kwao. Mwaija alitandika mkeka mpya. Alijua binti wa nyumba ile, Sabah, ataolewa Mfunguo Mosi, Ramadhani ikishatoka.

"Mwaija, wewe ni wetu siku zote," Bi Khairat alisema. "Ila Sabah kashika lake, anataka sabuni ya Miza. Kuogeshwa, kufukizwa, yote namwachia Miza. Wewe mwenzangu sasa pumzika."

Pumzika! Kana kwamba ni punda aliyezeeka. Mwaija alicheka, akamsindikiza mgeni hadi mlangoni, kisha akaingia ndani akauma upindo wa shuka.

Sabuni ya Sabah ilipikwa uani siku ya pili yake. Alasiri Miza alikwenda kuswali, akaacha chungu juu ya mafiga, uji wake ukianza kuwa mzito. Mwaija alitoka na pembe yake ya ng'ombe iliyojaa zabadi, yale mafuta mazito ya mnyama fungo. Kila fundi wa manukato anaijua zabadi: ukitia kwa ncha ya kijiti, udi hutulia, ukizidisha, hunuka zizi la beberu. Siku hiyo hakutafuta kijiti. Alizamisha vidole, akachota kwa hasira zake zote, akakung'utia chunguni na kukoroga.

Ua ukanuka hata paka akahama. Miza aliporudi alisimama, akanusa, akakitazama chungu kwa muda. Akamimina kwenye vifuu, akavipanga juu ya dari. Usiku ule Mwaija alilala usingizi mtamu.

Ramadhani ikaingia, ikatoka. Siku ya harusi Mwaija alijipamba, akawahi kukaa mbele kabisa, maana aibu ya mwenzako ukiitazama kwa mbali haina ladha.

Sabah akatolewa. Mawardi yalikuja mwanzo, kisha liwa, na chini yake kitu kizito, cha moto, kinachokaa kwenye nguo na hakitaki kuondoka. Bi Khairat alilia machozi. Mwaija aliijua zabadi yake mara moja. Wakati sabuni inakauka darini, ile harufu ya zizi ilikuwa imetulia ndani ya mawardi. Maisha yake yote mkono wake haukuwahi kutengeneza kitu kizuri hivyo, na watu walikuwa wanapiga vigelegele, "Miza! Miza!"

Alitaka kupaza sauti, "Ni yangu!" Lakini angeanzaje kueleza? Akapiga kigelegele na wenziwe.

Alipika sabuni yake mwenyewe, akatia zabadi, akampelekea jirani. Jirani akanusa, akamcheka. "Mwaija nawe! Utu uzima wote huo, unamwiga Miza?"

Wiki hiyohiyo Miza akabisha mlangoni kwake. "Sabalkheri, wifi."

"Sabalkheri."

"Bi Khairat anataka nyingine, ya mdogo wake Sabah. Nimepika mara kadhaa, haiwi ile." Miza akaketi bila kukaribishwa. "Pua ninayo, wifi, na mwenye zabadi uani humu ni mmoja. Nilitaka kuimwaga. Kulipokucha nikaona harufu inageuka, nikaiacha. Ulitia kiasi gani?"

Mwaija akaikumbatia pembe yake. "Nikikwambia, iitwe yangu."

"Haya. Twende wote kwa Bi Khairat tukamweleze ilivyopatikana."

Mwaija hakuthubutu kwenda. Hatimaye akasema, "Sikupima. Nilikuwa na hasira nawe."

Wakaenda uani, kwenye chungu cha Miza kilichokuwa motoni. Miza aliteka uji kidogo kwenye bakuli, Mwaija akatia zabadi. Ikawa hafifu. Wakateka tena, akaongeza. Ikanuka beberu tena, lakini si beberu yule wa chungu cha Sabah. Mwaija alishaanza kufurahi kimoyomoyo kwamba wote wawili wameikosa.

"Basi yaishe," Miza alisema, akikoroga chungu taratibu. "Ila jana Bi Khairat kanichekesha. Kaniambia, 'Miza, kabla yako Bagamoyo hii haikujua kunukia.'"

Hasira zilezile zikampanda Mwaija. Vidole vikazama kwenye pembe vyenyewe, vikachota, vikakung'utia chunguni. Miza akainama, akanusa, akafumba macho.

"Hiyohiyo," akasema. "Hiyohiyo, wifi yangu."

Bagamoyo ikaiita sabuni ya Miza, na mabibi harusi wakaogeshwa nayo miaka na miaka. Kila chungu kilipokaribia kuiva, Miza alikuwa na sifa mpya aliyosifiwa mjini, na alimsimulia wifi yake kwa utaratibu. Mwaija alijua vizuri anachofanyiwa. Roho ilimuuma vilevile, akachota.