Sauti Iliyokataa Kupimwa kwa Futi

Fundi cherehani alibakiwa na siku nne. Shangazi yake alikuwa mpiga fidla wa kikundi cha taarabu, lakini bega lilishamgomea na kiti chake kilitaka mrithi. Ijumaa kiongozi wao, kinyozi mwenye masikio ya paka, angemsikiliza fundi. Akipita, kiti chake. Akishindwa, cha mwingine.

Nyimbo alizimudu zote, kasoro sauti moja. Si ya juu, si ya chini. Imejibanza kati ya sauti mbili kama mtoto kitandani kwa wazazi. Akiitafuta, kidole kinapitiliza.

"Kitendawili!" shangazi akasema.

"Tega."

"Iko kati ya nyumba mbili, haina mlango, naingia."

"Ukuta?"

"Nipe mji."

"Chukua wowote, shangazi."

"Si hiyo sauti inayokukimbia! Iimbe kwanza, kidole kitaifuata."

"Niimbe mimi? Mume wangu anasema nikiimba mbwa wa jirani wanahama."

"Na wahame."

Fundi hakuimba. Alifanya analolijua: akachukua futi yake, akapima kwenye shingo ya fidla kutoka sauti hii hadi ile, akagawa nusu kwa nusu, akatia alama ya chaki. Akapiga. Shangazi akakunja uso kama aliyeuma ndimu.

"Mwanangu, hii si suruali." Akalamba kidole, akaifuta chaki.

Basi ikawa kuimba. Shangazi anaitoa sauti, fundi anaidaka kwa koo, kisha kidole kinalifuata koo. Aliimba akipiga pasi, aliimba akitunga uzi. Mume akachungulia mlangoni.

"Humu kuna mgonjwa?"

"Yupo. Masikio yako!"

Siku ya tatu ile sauti ikaja yenyewe, ikakaa.

Ijumaa, chumba cha mazoezi kilikuwa na watu sita, wote wakimtazama. Fundi akaona haya, akafumba mdomo, akapiga bila kuimba. Alipofika pale penyewe, kidole kikapotea njia. Kinyozi akashusha pumzi, akakitazama kile kiti kitupu.

Fundi naye akakitazama. Aibu huku, kiti kule. Akachagua kiti.

"Naomba nirudie," akasema, akapanua mdomo: aaaa!

Mpiga ngoma akaangusha mkwiro. Mwingine akajificha nyuma ya kodiani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Lakini kidole kilitua palepale, na fidla ikaitoa sauti ile nzimanzima.

"Nyamazeni!" Kinyozi akainua mkono. "Tena."

Akaimba tena, akapiga tena. Haikutetereka hata unywele.

"Haya, keti. Kiti chako hicho. Ila mbele za watu, dada yangu, uimbie tumboni."

Fundi akawahi kuketi, asije mtu akabadili nia. "Nitajaribu," akajibu, "ila tumbo langu nalo halijui kunong'ona."