Shimo la Kumi na Nne

Nyumba ya Nakhungu pale Kabuchai haikukosa wageni, na wiki hiyo ya mwaka 2006 walijaa mpaka wengine wakaketi juu ya magunia ya mahindi. Habari ilikuwa moja: ati kamati fulani mjini Bungoma imechimba mashimo kandokando ya barabara ya uwanjani, miche imeletwa kutoka Kitale, na kila askari aliyekufa vita vya Burma atapandiwa mti. Walio hai watapita katikati wakipiga gwaride. Na jina la mumewe, Barasa, lilikuwa limeshapakwa rangi kwenye kibao cha shimo la kumi na nne.

Kosa halikuwa la kamati peke yake. Zamani zile, barua zake kutoka vitani zilipokatika, watu wa Barasa walizika mgomba badala ya maiti, kama desturi inavyotaka, wakanyoa nywele, wakala ng'ombe. Mwaka uliofuata marehemu akafika na sanduku lake la bati. Kaburi halikufukuliwa, na chifu alipoombwa orodha ya wafu, yeye akahesabu makaburi.

Barasa, miaka themanini na minne, alitaka kitu kimoja tu: kupiga gwaride na wenzake. Nakhungu akamwendea Bramwel, katibu wa kamati, ambaye alimsikiliza kwa heshima zote kisha akamweleza kwamba programu imeshachapishwa. Mzee akitaka kutembea atembee, nani atamzuia, lakini mjane lazima aketi kando ya mti. Kiti kipo, soda ipo.

Siku ikafika. Nakhungu akaketi ujane wake, leso mkononi, wanawake wakimpa pole na kumuuliza marehemu aliugua nini.

"Ukaidi," akawajibu.

Wazee saba wakaja, Barasa mbele. Kwenye mti wa kumi na nne akasimama, na wote nyuma yake wakasimama. Bramwel akamnong'oneza apige saluti, kila mti unapigiwa.

"Nijipigie mwenyewe?" Barasa akamgeukia mkewe. "Mama Simiyu, walizika mgomba nikanyamaza. Leo na wewe umenikalia matanga?"

Nakhungu akaweka soda chini. Akaushika ule mche shingoni, akaung'oa na udongo wake.

"Shika bunduki yako, baba. Unachelewesha watu."

Barasa akauweka begani. Gwaride likaendelea, mkewe ubavuni amebeba kiti, na Bramwel nyuma yao akiuliza hilo shimo sasa ni la nani.