Ameingia Kumi na Nane

…kwa sababu mama alisema bintiye ameingia, hakusema ametimiza, na nani asiyejua tofauti, lakini koplo wa kaunta aliandika 18 kitabuni bila hata kuinua macho, na sasa yuko kwenye simu, "subiri kidogo, mama," na mama anasubiri, kadi ya kliniki ya bintiye imelowa jasho kiganjani ila tarehe inasomeka, bado miezi mitano atimize, miezi mitano mizima ya utoto, na sheria inasema mtoto halazwi selo moja na wakubwa, wakili mmoja wa msaada wa kisheria kamwambia pale mlangoni, umri urekebishwe kabla karandinga halijaondoka, apelekwe mahabusu ya watoto, likishaondoka naye mtakimbizana na makaratasi wiki nzima… wiki nzima! binti ambaye mpaka leo hulala amekumbatia mto… naye huyohuyo kamchoma mwenzake pasi, kisa zamu ya cherehani, mkono wa mtoto wa watu umevimba, mama ameuona, roho imemuuma, hasemi bintiye hana kosa, "Mama, si ulisema mwenyewe kumi na nane?" koplo kaziba simu kwa kiganja, "Nilisema ameingia, afande," "Sasa akishaingia si yumo?" na watu wa kwenye benchi wanacheka, wacheke, koplo karudi kwenye simu yake, eeh, eeh, nakusikia… hayumo, hata ikibaki siku moja tu hayumo, kuingia mwaka si kuumaliza, hilo atalisema tena kwa sauti, lakini kuna jingine, linamsumbua tangu asubuhi, mbona hakusema tu kumi na saba? ulimi haukuteleza, anamdanganya nani, alikuwa na hasira, kaitwa kutoka kazini mbele ya wenzake wote, aibu imemjaa, akafika hapa akamnyooshea binti kidole, "Mtu mzima huyo, ameingia kumi na nane, ajibebee mzigo wake!" alitaka atiwe adabu, alitaka aogope kidogo, na binti akamtazama, hakulia, akamtazama tu, kana kwamba anamuuliza, hata wewe?… basi, leo aibu ameitua, atayasema yote mbele ya benchi hilohilo linalocheka, afande, niliropoka, futa, andika kumi na saba, tia sahihi yako pembeni nami nitie yangu, kosa la pasi binti atalijibu mahakama ya watoto, mbele ya hakimu, nami nitakaa nyuma yake, hili la mdomo ni langu… nje uani karandinga linanguruma, mlango wake bado uko wazi, koplo anacheka na simu, na mama amepitisha mkono juu ya kaunta, ameweka kiganja katikati ya ukurasa, juu ya jina la mwanawe, wala hautoi.