Mashine Iliyonyamaza

Mjukuu wangu, umewahi kusikia mashine ya kusaga ikikosa wateja kwa sababu haipigi kelele?

Babu yako alikuwa na mashine ya dizeli. Ikianza kunguruma, mtaa mzima unajua amefungua, na kina mama wanabeba ndoo zao za mahindi wanakuja. Moshi ulitoka mweusi tii, ukitua kwenye kamba zetu za nguo. Naanika shuka nyeupe, naanua ya kijivu. Lakini mlio ule niliupenda. Ndio uliokuwa ukimbembeleza mama yako mgongoni. Mpaka leo nikiamka alfajiri, masikio yangu huutafuta kwanza.

Kisha babu yako akaanza kukohoa. Daktari akamkataza moshi, naye akitoka hospitali anapitiliza mashineni.

"Nikikaa nyumbani mtakula nini?"

Mama yako, aliyesomea ufundi umeme, akapanga paneli za jua juu ya bati na kufunga mota mpya. Injini ya dizeli akaiacha pale konani, kwa heshima ya baba yake.

Asubuhi ya kwanza mota ikazunguka, sauti yake kama ya nyuki. Tukangoja weee. Hakuna mtu. Kumbe wako majumbani wametega masikio, wanadhani tumefunga.

"Si niliwaambia?" babu yako akasema. Akazungusha hendeli, injini ikalia pasipo kusaga hata punje, ili watu wasikie tu. Moshi ukamjaa kifuani, akakohoa akishikilia ukuta. Mama yako akakimbia kuizima.

Watu wakaja kweli. Jirani yetu akaunusa unga wake, akamgeukia babu yako.

"Mbona haunuki dizeli? Shemeji, huu umesagwa kweli?"

"Umesagwa, mama," akajibu mama yako. "Na kesho uje bila kuitwa."

"Nitajuaje mmefungua?"

"Mlango utakuwa wazi. Macho si unayo?"

Tukacheka, hata babu yako, mpaka kikohozi kikamkatiza.

Foleni ilipokwisha, mama yako akamsogezea kigoda.

"Baba, kesho unataka tuiwashe tena injini?"

Babu yako akapangusa unga kwenye nyusi.

"Sitaki, mwanangu. Shika wewe mashine. Miaka yote hii nilitaka kukaa nyumbani na huyu mama yako. Nilikuwa naona haya kusema nimechoka."